Dirisha Namba Tatu: Maswali yenu kuhusu Las Vegas

Toleo lililopita, mwishoni mwa safu iliyohusu hesabu za vikoba, nilidokeza mistari michache tu kwamba Februari nilikaa siku tisa Las Vegas, Marekani, kwa binti wa marehemu dada yangu anayefanya kazi ya uuguzi kule. Kumbe nilichokoza nyuki. Swali la vikoba limekuja moja. Ya Las Vegas yamejaza bahasha na simu yangu, kwa hiyo leo vikoba vitasubiri.

Kwa mliojiunga karibuni: safu inaitwa hivi kwa sababu nilikaa miaka 27 nyuma ya kioo cha dirisha namba tatu, tawi moja la benki hapa Mbeya, nikihesabu pesa za watu wengine. Yote nitakayosema leo nimeyaona kwa macho hayo. Anayetaka macho ya mtalii atafute safu nyingine.

"Shikamoo Mama Keshia. Usituzungushe. Ulicheza au hukucheza? Na kama ulicheza, ulitoka na ngapi?" Fundi simu, Mwanjelwa

Marahaba. Nilicheza. Nilitenga dola 60, nikatoka na senti 40. Hizo senti ninazo mpaka leo, na nitakueleza kwa nini.

Dola 20 za kwanza nilizilisha mashine. Yale madubwi mnayoyachezea kwenye baa za Mafiati ni wajukuu wa hizi, ila nyingi za kule hazitumii sarafu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sarafu zikimwagika, na kweli nilizisikia. Nikageuka, nikamwona mama wa umri wangu amekaa mbele ya kioo, na chini yake hakuna hata sarafu moja. Mlio ule umerekodiwa. Mashine inameza noti, na ukitaka kuondoka inatema kikaratasi chenye mistari myeusi kama ya pakiti ya biskuti, ukabadilishe.

Noti yangu ilipozama, kioo kikaandika 2,000. Nikaitazama ile namba. Kazi yangu ya miaka 27 ilikuwa kuhakikisha kwamba 20 ya mtu inabaki 20 hadi jioni, na hapa imekuwa elfu mbili kabla sijabonyeza kitu. Mwanangu akanieleza kuwa ni mashine ya senti, kila senti inahesabiwa pointi moja. Sawa, hesabu imekubali. Lakini moyo haupigi hesabu hivyo. Kila mzunguko ulikula pointi 80, na mwenye 2,000 akitoa 80 anajiona kama amenunua karanga.

Mzunguko wa tatu au wa nne taa zikawaka, muziki ukalia, maandishi ya dhahabu yakaruka huku na huku. Nikashika kifua. Nimeshinda! Kutazama vizuri, nimerudishiwa 30. Yaani nimetoa 80, nimepewa 30, na mashine inanipigia vigelegele. Sisi mteja akipungukiwa 50 dirishani hatukumpigia tarumbeta. Tulifunga dirisha na kuanza kuhesabu upya. Robo saa baadaye zikabaki pointi 40, pungufu ya mzunguko mmoja. Nikachukua kikaratasi changu cha senti 40.

Dola 40 zilizobaki nilikwenda nazo siku ya pili Fremont, mtaa wa zamani katikati ya mji, kwenye ruleti, mchezo wa kubahatisha kipira kitatua wapi kwenye gurudumu. Hapo nilifurahi, na sioni haya kusema. Nilimpa mchezeshaji noti zangu mkononi, hakuzipokea. Akanionyesha kwa kidole: weka mezani. Akazitandaza kama tunavyotandaza noti za mteja mgomvi, kamera iliyo darini izione zote, akataja kiasi kwa sauti, kisha akazisukuma kwa kijiti bapa kwenye kitundu cha meza. Alipokuja wa kumpokea zamu, yule wa kwanza akapiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu na chini, ionekane hajaficha kitu. Nilitaka kumwita mfanyakazi mwenzangu. Enzi zetu meneja alikuwa anatuonya tusivae sweta lenye mifuko, hata kwenye baridi ya Juni!

Nikapewa chipu, yaani visahani vinavyosimama badala ya pesa, nane za zambarau, za dola tano tano. Kwenye meza ya ruleti kila mchezaji ana rangi yake, na rangi hiyo nje ya meza ile si kitu. Ukitoka nazo mlangoni umebeba vifungo vya koti. Basi fuata hesabu: noti imekuwa chipu ya zambarau ambayo thamani yake anaijua dada mmoja tu kwenye meza moja duniani.

Gurudumu lao lina vishimo 38. Namba 1 hadi 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, halafu sifuri na sifuri mbili, za kijani. Nikaweka dola kumi kwenye nyekundu, ikaja nyekundu. Nikaweka tena, ikaja tena. Mwanangu akanivuta kiwiko: "Mama mdogo, twende." Nikamwambia asubiri kidogo. (Neno hilo, asubiri kidogo, nimelisikia kwa wateja wengi.) Nusu saa haikufika, chipu zote zimerudi kwa mwenyewe. Nyeusi, nyeusi, kijani, nyekundu moja ya kunibembeleza, kisha nyeusi tena na tena.

Usiku nilikaa na kalamu. Tuseme unaweka dola kumi kwenye nyekundu mara 38, na kila kishimo kipate zamu moja. Utashinda mara 18, utapoteza mara 20. Umeweka 380, umepungukiwa 20, zaidi kidogo ya 5 kwa kila 100. Ulaya gurudumu lina sifuri moja, vishimo 37, na pungufu ni kama nusu ya hapo. Hakuna wizi, fundi. Mchezeshaji haibi, gurudumu halijapinda. Hiyo 5 kwa 100 imeandikwa mezani kwa rangi ya kijani, kila mtu anaiona, na watu wanavuta viti.

"Mji huo ulitokeaje jangwani? Wanafunzi wangu wananiuliza nami sina jibu." Mwalimu wa historia, Iringa

Waambie ulianza kama miji mingi ya kwetu, na reli. Mwaka 1905 kampuni ya reli ilipiga mnada viwanja jangwani palipokuwa na chemchemi ya maji, kwa sababu injini za mvuke zilihitaji maji. Ilikuwa stesheni na vibanda. Mwaka 1931 mambo mawili yakaja pamoja: jimbo la Nevada, lililokuwa limebanwa na hali mbaya ya uchumi, likahalalisha kamari, na serikali ya Marekani ikaanza kujenga bwawa kubwa la Hoover kwenye mto Colorado, si mbali na pale. Maelfu ya vibarua, mshahara mfukoni, jangwa pande zote. Hapo huhitaji kuwa mwalimu kujua kilichofuata. Anayeifahamu Chunya yetu ya dhahabu anajua.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mbeya nayo ilitiwa nguvu na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920 na 1930. Babu yangu alibeba mizigo ya Wazungu kwenda Chunya, akarudi na blanketi moja na kikohozi.

Hoteli ya kwanza ya barabara kuu ya kasino ilifunguliwa 1941. Mwaka 1946 ikaja Flamingo, iliyosimamiwa na jambazi aliyeitwa Bugsy Siegel. Miezi sita baadaye alipigwa risasi nyumbani kwa mpenzi wake, California. Siku hizi ni kampuni kubwa zenye hisa sokoni, na sidhani kama nyumba, yaani kasino yenyewe, imepunguziwa faida kwa hilo. La kuwachekesha wanafunzi: ile barabara yenye mahoteli yote maarufu, wanayoiita Strip, sehemu yake kubwa haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Imo katika eneo la wilaya linaloitwa Paradise. Na Nevada hiyohiyo, mama wa kamari zote, katiba yake inakataza bahati nasibu ya jimbo.

"Ugonile mama. Sisi wa kwaya tumesikitika. Wewe mzee wa kanisa, ulikwenda kutafuta nini mahali pale?" Mama wa kwaya, Tukuyu

Nimelala salama, ndaga. Nilikwenda kumwona mtoto. Dada yangu alimwacha ana miaka kumi na minne, nikamsomesha mimi, na alipojifungua hakuwa na mtu wa kumkanda wala kumpikia uji wa mtama. Ningemwambia ahame mji kwanza ndipo nije? Hospitali ziko hata mji wa kamari. Majirani zake ni walimu, mafundi bomba, madereva. Wengi wao hawajagusa karata miaka na miaka. Wanakaa mbali na taa, kwenye nyumba za rangi ya udongo, na Jumapili wanakwenda ibadani. Mwanangu aliniambia makanisa ya karibu na mahoteli huokota chipu za kasino kwenye vikapu vya sadaka, kisha mtu wa kanisa huzipeleka kubadilisha. Nikacheka, halafu nikanyamaza, nikikumbuka sadaka zetu za Jumapili baada ya mauzo ya parachichi. Nani aliwahi kuuliza zile noti zimelala wapi jana yake?

Ila kwa kuwa umeniuliza nilichokiona: nimeona piramidi la vioo, lifti zake zinapanda kwa mshazari kufuata ukuta. Usiku linatoa taa moja inayopiga mbinguni, na wadudu hukusanyika humo kama kumbikumbi kwenye balbu za Kyela. Mwaka 2019 panzi walivamia taa za mji ule kwa makundi. Wahaya wangewahi na magunia. Nimeona mnara wa Paris, nusu ya urefu wa ule wenyewe. Nimeona mfereji wa Venice ndani ya nyumba, ghorofani, na mbingu iliyopakwa rangi ambako saa zote ni jioni, na kijana anayepiga kasia huku anaimba. Sauti yake nzuri, mngemchukua kwenye teno. Nimeona jengo la duara, Sphere, lililofunguliwa 2023, ambalo ngozi yake yote ni taa. Usiku ule lilikuwa jicho. Jicho kubwa la binadamu linapepesa juu ya mji. Mtoto mchanga alilitazama asilie. Mimi ndiye niliyegeuza uso.

"Mama, nasikia ndani hakuna saa wala dirisha, ni kweli? Na chakula kikoje?" Dereva wa lori, Tunduma

Kweli kwa kasino nyingi. Mpya nyingine zimeweka mwanga wa jua, lakini nilizoingia mimi zulia, taa na ubaridi wa viyoyozi ni vilevile saa tisa mchana na saa tisa usiku. Wewe unayelala Makambako kwenye kiti ungejisikia nyumbani. Mimi saa zilikuwa zimenivuruga tayari: Februari sisi tuko mbele yao saa 11, mwili wangu unaamka wakati wao wanakwenda kulala. Usiku mmoja, mwanangu na mtoto wakiwa wamelala, nilimfuata shemeji yake aliyekuwa anapeleka mzigo wa nguo hotelini, saa kumi alfajiri. Nikakuta watu wanacheza. Sikuona furaha, na sikuona majonzi pia. Nyuso zilikuwa kama za foleni ya kulipia ankara. Mzee mmoja alikuwa na mtungi wa oksijeni pembeni ya kiti, bomba puani, kidole kwenye kitufe. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi mshamba.

Mashine zinakupokea tangu uwanja wa ndege. Begi langu bado halijatoka, dubwi linaniita.

Chakula: wanaocheza huletewa vinywaji bure, unamwachia mhudumu dola moja au mbili. Kingine chochote ni ghali, na hadi 2025 bei ya chumba uliyoiona mwanzo haikuwa bei uliyolipa. Kulikuwa na ada ya hoteli iliyoongezwa mwishoni, kama nauli ya basi inayopanda ukishaketi. Mimi nilikula nyumbani. Unga wa mahindi upo madukani, mzuri tu, ila ndizi zao hazifai kwa chochote tunachokijua.

Swali la maji hukuuliza lakini nitalijibu, kwa sababu mtu wa Rungwe hawezi kunyamaza. Mvua ya mji ule kwa mwaka mzima ni kama milimita 100. Tukuyu kwa mwaka inavuka 2,000. Midomo ilinipasuka siku ya pili. Maji yao karibu yote yanatoka kwenye ziwa la lile bwawa, nalo limeshuka. Ukingoni pana mstari mweupe kwenye miamba, unaonyesha maji yalikuwa wapi. Kwa hiyo wanawalipa watu wang'oe majani nyumbani kwao waweke mawe, na sheria ya 2021 inakataza kumwagilia majani ya mapambo barabarani na maofisini kuanzia 2027. Halafu unakwenda mbele ya hoteli ya Bellagio, unakuta ziwa, na maji yanaruka na kucheza kwa muziki. Nikakasirika. Shemeji akasema ziwa lile linajazwa kwa kisima chao wenyewe, si kwa maji ya jiji. Sawa. Nilikasirika vilevile, na nikabaki kutazama mpaka wimbo wa tatu.

"Ulifika alikopigana bondia Muhammad Ali?" Fundi cherehani, Mafinga

Nilipita mbele yake. Caesars Palace, Oktoba 1980, uwanja wa muda walioujenga nje, Larry Holmes akampiga mzee wetu hadi kona yake ikasimamisha pambano. Mume wangu alikuwa akilisimulia pambano lile kana kwamba alikuwepo. Ukumbi alikong'atwa sikio Holyfield na Tyson, 1997, uko chini zaidi barabara hiyohiyo, MGM Grand. Sikuingia. Tiketi ya kuona chochote humo ni mbolea ya msimu.

"Nasoma takwimu mwaka wa tatu. Nimejifunza kuhesabu karata za blackjack, hesabu zinaonyesha mchezaji anaweza kuizidi nyumba. Nikipata nauli nikafanye maisha?" Mwanafunzi, Iyunga

Umesoma vizuri, nusu. Ni kweli kwamba kwenye blackjack karata zilizokwishatoka hubadilisha thamani ya zilizobaki, na mwenye akili akizifuatilia anaweza kupata upenyo mdogo. Kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai Nevada. Lakini nyumba ni ya mtu binafsi, na mwenye nyumba ana haki ya kukuambia mchezo huu basi kwako, kacheze mingine. Nao wanakutazama. Ile kamera iliyotazama noti zangu inatazama pia dau lako linavyopanda karata zikiwa nzuri.

Halafu wamebadilisha meza. Baadhi zina mashine inayochanganya karata mfululizo, kwa hiyo hapo hakuna "zilizobaki" za kuhesabu. Na zamani ukipata blackjack, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, ulilipwa 3 kwa 2: dau la dola 10 linazaa 15. Siku hizi meza nyingi za barabara kuu zinalipa 6 kwa 5: dau hilohilo linazaa 12. Nenda kapige hesabu uone upenyo wako umebaki wapi. Imeandikwa kwenye kitambaa cha meza kwa herufi kubwa, nami nilisimama nyuma nikaona vijana wenye mavazi ya gharama wanakaa bila kusoma.

Umri wa kuingia mchezoni ni 21. Mgeni kama wewe akishinda jakpoti kubwa ya mashine hukatwa asilimia 30 ya kodi palepale. Blackjack na ruleti hazikatwi hivyo. Na kabla ya yote kuna viza. Mimi nililipa ada ya dola 185 ambayo hairudi hata ukinyimwa, na masharti kwa Watanzania yamebadilika tangu hapo, ulizia ubalozini. Sikukatazi kitu. Lakini mtu anayejua takwimu kiasi chako, hapa Mbeya kuna kampuni za bima na vyama vya wakulima ambavyo havijui hata wastani ni nini.

"Mama Keshia, sina swali la Marekani. Mwanangu ana miaka 24, anabeti kutwa kwenye simu. Wiki iliyopita alichukua laki moja na nusu niliyotunza kwenye simu yangu kwa ajili ya mbolea. Anasema mkeka, yaani orodha ya timu alizobetia pamoja, ulichanwa na timu moja tu. Nifanyeje?" Mama, Uyole

Mama mwenzangu, barua yako niliisoma mara tatu, na kusema kweli ndiyo iliyonifanya niache vikoba.

Kwanza hiyo "timu moja tu". Naijua. Mdogo wangu wa mwisho alibeti pesa ya bati, nyumba ya mama kule Tukuyu ikakaa masika nzima nusu ina bati na nusu ina turubai. Naye alisema timu moja tu. Mkeka wa timu kumi ukichanwa na moja unaonekana umekaribia kushinda, kama ile mashine yangu ilivyonipigia muziki kwa kunirudishia 30. Haukukaribia. Kuzipatia timu kumi zote ni kama kupita mageti kumi ya ukaguzi na lori lisilo na breki. Kufika la tisa si sifa.

Nilipokuwa keshia palikuwa na mchimbaji mmoja wa Chunya. Alikuja kila baada ya wiki kadhaa, pesa kwenye kiroba cha sukari, na hakukubali mashine izihesabu. Lazima azihesabu yeye kwa kidole alicholamba, noti moja moja, foleni inanung'unika hadi nje. Kadi ya benki aliikataa. Tulimcheka, na mimi nilicheka. Yule baba alijua kila noti ilitoka kwenye duara lipi la mgodi, nani aliumia, karasha la kusaga mawe lilikula ngapi. Pale Las Vegas, noti yangu ilipogeuka 2,000, kisha chipu ya zambarau, kisha kikaratasi, nilimkumbuka yeye. Mahali pale wameweka ngazi nyingi kati ya mtu na pesa yake, na kila ngazi inaifanya iwe nyepesi. Simu ya mwanao ina ngazi hizo zote, na haina hata mlango wa kutokea. Laki na nusu yako hakuiona. Aliona tarakimu, akabonyeza namba ya siri.

Kwa hiyo nitakuambia tulichofanya sisi, bila kuahidi. Badilisha namba yako ya siri leo, na pesa ya kilimo usiilaze kwenye simu. Ukipata hata elfu sabini, nenda naye dukani, yeye alipe kwa noti mkononi, yeye abebe mfuko begani hadi shambani. Usimhubirie njiani, vijana husikia mahubiri kama redio ya jirani. Angalia pia kama amekopa kwa simu kufidia, maana deni hilo ndilo linalomrudisha kucheza. Ulizia kwa upole, atakuambia usiku, si mchana. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni, na sheria inamlinda aliye chini ya miaka 18. Wako ana 24, hapo sheria imenyoosha mikono.

Mdogo wangu tulimpa kazi ya kuuza ndizi za familia kwa mkono, mikungu kwa noti, na jioni anahesabu mbele ya mama. Simu kubwa aliiuza mwenyewe, akabaki na kitochi. Kitochi nacho kinabeti kwa kubonyeza nyota, lakini kinachosha. Bado anabeti Jumamosi, elfu mbili. Bati zilikamilika mwaka uliofuata. Niandikie baada ya kupalilia.

"Umetuletea nini?" Msomaji, Makambako

Kasino haziruhusu karata kutumika muda mrefu mezani. Zikishatumika huzitoboa au kuzikata pembe zisiweze kurudishwa mchezoni kwa hila, kisha huziuza kwa bei ndogo kama ukumbusho. Nilinunua pakiti mbili, kila karata ina tundu katikati. Nilidhani tutachezea arubastini pale nyumbani Forest, lakini wajukuu wamezitunga kwenye kamba ya katani, kopa, uru, shupaza na pau zote, wakazitundika juu ya tuta la maharage zifukuze ndege. Zinazunguka vizuri upepo wa Loleza ukishuka. Ndege wanazikalia.